Mtandao ukilala Malaba, nyanya hazingoji

Kuna asubuhi ambapo neno moja hupita kwenye foleni ya Malaba haraka kuliko boda boda: "Sistimu imelala." Mlinzi wa lango hulisema, wakala wa forodha hulirudia, dereva wa trela huzima injini, na mama mwenye kreti za nyanya hufunua turubai kuangalia kama za juu zimeanza kulainika. Hakuna anayeuliza ni sistimu ipi. Inaweza kuwa ya forodha, ya benki, ya viwango au ya uhamiaji. Kwa aliye kwenye foleni zote ni moja, na ikilala, mpaka umelala.

Katika vitabu vya uendeshaji wa biashara, kitu anachokisubiri mama huyo kina jina kubwa. Huitwa mfumo wa kupanga rasilimali za taasisi, kwa kifupi ERP. Maana yake si ngumu. Zamani kila idara ya kampuni ilikuwa na daftari lake: bohari lake, mauzo lake, uhasibu lake. Muuzaji aliuza mifuko 50 ya saruji, lakini mtu wa bohari alipata habari jioni na mhasibu akapata mwisho wa mwezi. ERP ni daftari moja la wote. Mauzo yakiandikwa mara moja, bohari inapungua, hesabu inabadilika, na anayeagiza mali anaona kuwa saruji inakaribia kwisha. Kampuni kama SAP ya Ujerumani na Oracle ya Marekani zimetajirika kwa kuuza madaftari ya aina hiyo.

Malaba, kwa mizani hiyo, ni kama kampuni moja kubwa yenye idara nyingi. Zipo mamlaka mbili za mapato, KRA ya Kenya na URA ya Uganda. Wapo watu wa viwango, KEBS na UNBS. Wapo wakaguzi wa mimea, maafisa wa afya, uhamiaji, polisi na benki. Mteja wao ni mmoja: mwenye mzigo. Kila idara inataka jina lake, thamani ya mali yake, namba ya gari lake na mahali mali ilikotoka. Swali ambalo limeitesa kampuni nyingi duniani ndilo linaloutesa mpaka huu. Nini hufanya daftari la pamoja lifaulu, na nini hulifanya liwe mzigo juu ya mzigo?

Jibu ambalo Malaba yenyewe imelitoa kwa miaka ishirini hivi ni kwamba kufaulu huamuliwa kabla kompyuta haijawashwa. Huamuliwa pale kazi inapopangwa upya, pale watumiaji wanapohesabiwa, na pale mtu anapouliza itakuwaje umeme ukikatika. Na anayesahaulika katika hesabu hiyo, mara nyingi, ni yule mwenye kreti kumi.

Kompyuta zilizokuwa haziongei

Kenya iliwasha mfumo wake wa forodha wa Simba mwaka 2005, ukiwa umetokana na mfumo wa Gaïndé wa Senegal. Uganda ilikuwa upande wa ASYCUDA, mfumo uliobuniwa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, na unaotumiwa na nchi nyingi duniani. Mwaka huohuo wa 2005 Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi. Yaani nchi zilikuwa zimekubaliana sheria moja ya forodha, ila kompyuta zao zilizungumza lugha mbili. Taarifa za mzigo zilizoingizwa kwenye Simba ziliingizwa upya kwenye ASYCUDA, tarakimu kwa tarakimu, na kosa dogo katika namba ya kontena lilitosha kuliegesha lori.

Baadaye kiungo cha kupitishia taarifa kati ya mamlaka za mapato, RADDEx, kilijengwa ili kilichoandikwa upande mmoja kionekane upande wa pili. Mwaka 2014 likaja Eneo Moja la Forodha. Mzigo wa Uganda ukaanza kulipiwa ushuru ukiwa bado bandarini Mombasa, kisha ukasafiri ukiwa umemaliza deni. Safari ya Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ikitajwa kuchukua siku 18, ikaanza kutajwa kuwa ya siku 4. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zikawasha mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa kufuli za kielektroniki, RECTS. Kenya nayo ikaanza kuiacha Simba na kuhamia mfumo mpya wa iCMS.

Anayesoma orodha hiyo anaweza kudhani kila hatua ililetwa na mashine mpya. Lakini moja ya hatua kubwa kabisa Malaba haikuhitaji mashine mpya. Katika miezi ya mwisho ya 2011, wachunguzi wa SSATP, mpango wa sera za usafirishaji barani Afrika unaosimamiwa na Benki ya Dunia, walipima muda ambao malori hutumia kuvuka hapa. Wastani ulishuka kutoka takriban saa 24 hadi saa 4. Kilichobadilika kilikuwa utaratibu: hati zishughulikiwe kabla lori halijafika, foleni ipangwe, na wakuu wa idara wakae meza moja kutazama takwimu za muda. Barabara ilikuwa ileile, na majengo mapya ya kituo cha pamoja yalikuwa bado hayajatumika.

Hilo ndilo somo la kwanza, na ndilo linalosahaulika haraka zaidi kila serikali inapotangaza mtambo mpya. Foleni mbovu ikitiwa kwenye kompyuta hubaki foleni mbovu, ila sasa ina skrini. Kama mihuri saba ilikuwa haina sababu kwenye karatasi, visanduku saba vya kubofya havitakuwa na sababu pia. Anayetaka mfumo ufaulu huanza kwa kuuliza kila ofisi: unachukua taarifa hii ya nini, na nani mwingine tayari anayo?

Makosa ya wakubwa

Malaba haiko peke yake katika kujifunza hivi. Mwaka 1999 kampuni ya peremende ya Hershey nchini Marekani iliwasha mfumo wake mpya mwezi Julai. Kazi iliyokadiriwa kuhitaji miezi 48 ilikuwa imebanwa hadi 30. Julai ndipo maduka ya huko huanza kuagiza peremende za sikukuu ya Halloween, msimu ambao Hershey huutegemea kama muuza nguo wa Malaba anavyoitegemea Krismasi. Peremende zilikuwa maghalani, mfumo haukuweza kuzitoa. Maagizo ya zaidi ya dola milioni 100 hayakuwafikia wanunuzi kwa wakati.

Maduka ya Lidl ya Ujerumani nayo yalianza kujenga mfumo mpya wa SAP mwaka 2011 na kuutupa mwaka 2018, baada ya gharama iliyokadiriwa kufika euro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa ni ya kushangaza kwa udogo wake. Lidl ilikuwa imezoea kuhesabu mali iliyo dukani kwa bei ya kununulia, na mfumo ulihesabu kwa bei ya kuuzia. Badala ya kubadili desturi, kampuni iliamua kuubadili mfumo, na kila kiraka kikaleta hitaji la kiraka kingine.

Mfanyabiashara wa mpakani anayeuza mchele kwa debe hahitaji kuelezwa zaidi. Hakuna anayebadilisha mizani katikati ya siku ya soko. Mtambo wa forodha haupaswi kubadilishwa Desemba, wala wakati mahindi ya mavuno mapya yanapoanza kuvuka. Na idara ambayo haiko tayari kubadili desturi yake hata moja haina sababu ya kununua mfumo wa pamoja.

Kiungo kilichokosekana

Daftari la pamoja lina nguvu kama ofisi ambayo haimo ndani yake. Wakati wa korona Malaba ililiona hilo kwa macho. Mwaka 2020 malori yalipanga foleni kwa sababu ya vipimo vya madereva, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta mfumo wa kieletroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ili cheti cha dereva aliyepimwa nchi moja kisomwe na nchi nyingine. Kwa karatasi, tatizo lilikuwa limekwisha. Januari 2022 Uganda ikadai vipimo mpakani, vya kulipiwa, hata kwa madereva wenye vyeti. Madereva wakagoma, na foleni ya trela ikaenda kilomita nyingi ndani ya Kenya. Bei za mafuta nchini Uganda zilipanda.

Mfumo haukuwa umelala siku hizo. Kilichokosekana ni nchi moja kukubali neno la nchi nyingine. Kompyuta inaweza kubeba cheti kutoka Mombasa hadi Malaba kwa sekunde moja, lakini haiwezi kumlazimisha afisa aliyekipokea akiamini. Imani hiyo hujengwa na mawaziri na wakuu wa taasisi, nayo ni lazima iandikwe na kutiwa saini kabla mtaalamu wa programu hajaitwa.

Mwaka uliotangulia mahindi yalitoa somo lilelile. Mapema Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Katazo halikudumu siku nyingi, lakini lilipoondolewa liliacha masharti: waagizaji wajisajili, mahindi yawe na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumukuvu kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni, na yawe na cheti cha asili. Kwa afya ya mlaji, ni masharti yanayoeleweka. Kwa mwenye lori la magunia lililokwisha kupakiwa, yalikuwa mlango uliofungwa kwa ufunguo asioujua. Cheti kinatolewa wapi? Kwa muda gani? Nani mpakani atakisoma? Sheria inayotangazwa usiku huingia kwenye mfumo baada ya majuma, na katikati ya hapo afisa na mfanyabiashara hubaki wakibishana kando ya barabara. Katika nafasi hiyo ndipo rushwa hupata kazi.

Kwa hiyo sharti la pili la kufaulu ni kuwa na mwenye mfumo. Kampuni zilizofaulu na ERP huwa na kiongozi mmoja mwenye mamlaka ya kuziambia idara zote: taarifa hii itaingizwa mara moja, na mabadiliko yoyote ya sheria yatakuja na siku ya kuanzia na maelekezo yake. Mpakani idara ni nyingi na wakubwa wake wako Nairobi na Kampala. Kamati ya pamoja ya mpaka ipo ili kuziba pengo hilo. Ikipewa meno itaweza kusema hapana kwa agizo ambalo halijaandaliwa. Ikibaki ya kunywa chai na kuandika kumbukumbu, kila wizara itaendelea kuingiza mkono wake kwenye daftari kwa wakati wake.

Walioishi kwa lori lililolala

Kuna jambo ambalo wasifiaji wa Eneo Moja la Forodha hulipita haraka. Kazi ya kutayarisha hati za mizigo mikubwa ilipohamia Mombasa, ofisi za mawakala wa forodha zilizokuwa zimepangana kando ya barabara Malaba na Busia zilipoteza tonge lao kuu. Waliofuata ni wenye nyumba za kulala wageni, wenye maegesho, wapika chakula na walinzi wa usiku. Lori likivuka kwa saa chache, dereva halali, hali, wala hanunui sabuni. Ucheleweshaji ulikuwa hasara kwa uchumi wa nchi mbili, na ulikuwa mshahara wa mji.

Hakuna mwenye akili timamu atakayeomba foleni irudi ili hoteli zijae. Lakini wataalamu wa ERP hurudia kila mahali kuwa mfumo mpya hugombwa kimyakimya na wale unaowapunguzia kazi, kama hawakuhesabiwa tangu mwanzo. Karani anayeona skrini imechukua nafasi yake hapigi kelele. Anachelewa kujifunza, anaweka daftari la pembeni, anamwambia mteja arudi kesho. Wakala aliyeachwa bila kazi anaijua kila njia ya panya kati ya Tororo na Busia, na ujuzi huo nao una soko.

Wakala huyohuyo angeweza kuwa mkono wa mfumo. Anajua fomu, anawajua maafisa, anajua Kiteso, Kiswahili na Kiluganda. Wafanyabiashara wadogo wanahitaji mtu wa kuwajazia cheti cha asili kwa ada ndogo inayojulikana, kuwaeleza sharti jipya la mahindi, au kuwaambia kabla hawajapakia kuwa leo mtandao umelala. Mafunzo ya mwezi mmoja na kibanda chenye leseni vingegharimu kidogo sana kando ya bei ya mtambo wowote wa forodha. Bajeti ya mfumo isiyo na fungu la watu wanaobadilishiwa kazi ni bajeti ya nusu.

Mwenye kreti kumi

Jumuiya imemtengenezea mfanyabiashara mdogo mlango wake: utaratibu rahisi wa biashara. Mzigo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unaweza kupewa cheti rahisi cha asili palepale mpakani na usitozwe ushuru wa forodha. Ni jambo jema, na bado wengi wanaouza kwa mtaji mdogo hawalitumii. Baadhi hawajalisikia. Baadhi wamelisikia nusu, wakadhani linafuta kila malipo, kisha wakakuta vibali vya afya na mimea na kodi za ndani ziko palepale, wakaona wamedanganywa. Wengine wamepiga hesabu ya saa moja kwenye foleni dhidi ya mia mbili za boda boda anayepita mtoni, na hesabu imewapeleka mtoni.

Hesabu hiyo si ujinga. Mwenye trela anaweza kusubiri mtandao kwa nusu siku na hasara ikagawanyika kwenye tani 28. Mwenye kreti kumi za nyanya akisubiri nusu siku juani, faida ya wiki imekwenda. Mfumo unaopimwa kwa wastani wa malori unaweza kutangazwa umefaulu huku umemfukuza mteja wake mdogo hadi njia za magendo. Huko hulipa pia, ila kwa watu wasiotoa risiti, na akinyang'anywa mali hana ofisi ya kulalamikia. Wengi wa wafanyabiashara hawa ni wanawake, na njia ya mtoni ina hatari ambazo hazihesabiwi kwa shilingi.

Upo upinzani wenye haki wa kusikilizwa hapa. Maafisa husema kuwa wafanyabiashara wadogo hawataki mfumo wowote kwa sababu hawataki kodi, na kwamba ukiwawekea mlango wa dhahabu watapita dirishani. Wapo wa aina hiyo. Lakini watu wa Malaba waliipokea M-Pesa na pesa za simu za Uganda bila kulazimishwa na askari. Walijifunza namba za siri, tozo, na namna ya kutuma pesa kuvuka mpaka. Walijifunza kwa sababu mfumo ulikuwa wa haraka kuliko njia ya zamani, ulitoa ujumbe wa uthibitisho papo hapo, na ulikuwa na wakala kila kona wa kuuliza. Hivyo vitatu vikiwepo dirishani pa forodha, dirisha la mtoni litakosa watu wengi.

Lugha nayo imo. Mkataba wa Jumuiya, katika Kifungu cha 137, unataka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wa Afrika Mashariki, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo fomu na jumbe nyingi za mifumo hii bado ni za Kiingereza. Mtu akikataliwa na mashine kwa lugha asiyoisoma, atamtafuta wa kumsomea, na msomaji huyo atadai chake. Kutafsiri jumbe mia mbili za makosa ni kazi ndogo kuliko yote yaliyotajwa hapa, na haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Siku mtandao unapolala

Hakuna mfumo usiolala. Kukwama kwa Simba kuliwahi kuwa kilio cha kila mara cha mawakala, na ASYCUDA nayo huhitaji umeme na intaneti kama mashine nyingine. Kampuni yenye akili haijigambi kuwa mtambo wake hautazimika. Hujiandaa kwa saa utakapozimika, huandika utaratibu wa siku hiyo, na huufanyia mazoezi.

Mpakani utaratibu huo ungekuwa rahisi kuueleza kwa mistari michache. Mtandao ukilala, tangazo litoke ndani ya robo saa, kwa ubao na kwa ujumbe wa simu, likisema ni mfumo wa ofisi ipi na unatarajiwa kurudi saa ngapi. Ukipita muda uliokubaliwa, tuseme saa mbili, mali inayooza ipite kwa fomu ya karatasi yenye namba, itiwe saini na pande zote mbili, na iingizwe kwenye mfumo baadaye na afisa, asiitwe mfanyabiashara kurudi. Mwisho wa mwezi, saa zote za kulala zibandikwe hadharani pamoja na wastani wa muda wa kuvuka. Ofisi inayojua kuwa jina lake litabandikwa hununua jenereta.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao, na si ndogo. Anayempa wakala namba yake ya mlipakodi na nywila ya akaunti yake, kisha asiangalie kilichoandikwa, ajue kuwa deni likija litakuja kwa jina lake. Anayeandika thamani ya uongo leo anaharibu rekodi ambayo kesho angeitumia kuomba mkopo. Mwenye duka pande zote mbili tayari anabeba mashine mbili za ankara, EFRIS ya Uganda na eTIMS ya Kenya, na daftari lake mwenyewe likiwa halijapangwa, mashine hizo zitampangia makosa. Vyama vya wafanyabiashara vya mpakani vikae na wanachama jioni moja kwa wiki, simu mkononi, mmoja akimfundisha mwenzake. Kujifunza kwa mwenzio hakuna ada.

Vyama hivyo vina jambo jingine la kudai, na ndilo linalobeba mengine yote. Mfumo unapobuniwa, wawakilishi wao wawe chumbani kabla zabuni haijatangazwa. Wasiitwe siku ya uzinduzi kupiga makofi mbele ya wageni. Mtaalamu kutoka mji mkuu anajua namna ya kuunganisha kompyuta mbili. Hajui kuwa foleni ya nyanya huanza kabla ya jua, kwamba mwenye mayai hawezi kufungua trei zote zihesabiwe mara tatu, au kwamba siku ya soko watu huvuka na kurudi mara nne. Mambo hayo hayamo kwenye hati za mradi, na ndiyo yanayoamua kama mradi utatumika.

Malaba imekwisha kuonyesha kuwa saa 24 zinaweza kuwa 4 bila kungoja mtambo mpya, pale watu wa ofisi mbalimbali wanapokaa pamoja na kutazama saa. Kituo cha pamoja sasa kipo, mifumo ipo, sheria ya mpaka wa pamoja ipo. Kilichobaki ni kuhesabu watu ambao hawajahesabiwa. Kamati ya pamoja ya mpaka ikikutana tena, swali lake la kwanza, kabla ya taarifa za makusanyo ya ushuru, liwe hili: jana, nani alikuwa wa mwisho kuvuka, alibeba nini, na alisubiri saa ngapi?